Chai ya Wakwe

Chai ilibadilika rangi mbele ya macho ya wakwe, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Ingeharibikia jikoni, Mwanahawa, mama wa binti anayeposwa, angeimwaga nyuma ya choo, akabandika nyingine, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini ilitoka kwenye chupa ikiwa nzuri, ya kahawia, inanukia iliki na tangawizi. Ikamiminwa kwenye vikombe vyeupe vilivyoazimwa kwa jirani, na wakati mzee Hasani, mshenga, bado anamshukuru Mungu kwa kuwafikisha Mkonze salama, ikaanza kugeuka. Kwanza ilififia, ikawa kama maji yaliyooshewa sufuria. Kisha ikaiva zambarau. Mzee Hasani alipomaliza kushukuru na kutazama mbele yake, alikuta kikombe kimejaa kitu cheusi kama wino.

Watu waliokuja kuposa hawasemi ovyo. Wamefundishwa kusifu hata uji ulioungua. Mzee Hasani alikisukuma kikombe kidogo, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuweka mkono. Ibrahimu, mposaji mwenyewe, aliyeomba ruhusa wizarani kwake Mtumba ili awepo, alikuwa amekwishainua chake. Shangazi yake akamshika kiwiko.

"Weka chini, baba."

Shangazi huyo ni Bi Joha, mtu wa Tabora, karani mstaafu aliyemlea Ibrahimu baada ya baba yake kufariki. Si mwanamke wa kelele. Alipofika alikuwa amezunguka uani kusalimia, na pale uani aliona jambo. Alimwona mama wa binti amechutama mbele ya jiko, anafungua fundo kwenye pindo la kanga, anachota unga mweupe kwa ncha za vidole na kuutia kwenye sufuria. Wakati ule alinyamaza. Kila nyumba ina viungo vyake, alijiambia. Sasa alikitazama kikombe, akaona hana sababu ya kuendelea kunyamaza.

"Mama Asma," aliita kwa upole ambao haukumdanganya mtu. "Njoo mara moja, mwenzangu."

Mwanahawa alitoka nyuma ya pazia akijifuta mikono. Alikuwa anatabasamu bado.

"Hii ni nini?"

"Chai, dada." Halafu akaiona. "Yarabi."

"Na ule unga uliofungua kwenye kanga? Nilikuona. Sikusema, lakini nilikuona."

Mwanahawa aliona aibu kabla hajaona hatari, na hapo ndipo alipokosea. Angejibu haraka pengine angeaminiwa. Unga ule ulikuwa magadi. Mama yake huko Kondoa alikuwa akitia punje ya magadi kwenye maji ya kisima ili chai itoe rangi upesi, na majani machache yatoshe vinywa vingi. Ni ujanja wa nyumba yenye watoto wengi, wala si dhambi. Lakini kuutaja mbele ya wakwe ni sawa na kuwatangazia kwamba majani ya chai yalikuwa haba. Na kweli yalikuwa haba. Pakiti ilikuwa imebaki kiganja, na kila kilichopatikana kilikuwa kimekwenda kwenye mchele na nyama.

"Magadi," alisema hatimaye.

"Magadi? Kwenye chai?"

"Kidogo tu. Ya kuvuta rangi."

"Rangi umeivuta kweli," alisema Bi Joha.

Mzee Hasani alikohoa. Mwanahawa akakichukua kikombe cha Ibrahimu, akakinywa chote akiwa amesimama, bila kupumzika. Kilikuwa na ladha ya msumari. Alipokirudisha mezani mdomo wake ulikuwa umebaki na weusi pembeni, na hakuna aliyemwambia aufute.

"Haya. Kama ni sumu, nimeinywa mimi."

"Nani kataja sumu?" alisema Bi Joha. "Ya kumpumbaza mwanamume haimdhuru aliyeitia."

Basi limbwata likawa limeingia sebuleni ingawa hakuna aliyelitaja kwa jina. Wote wakamgeukia mwenye nyumba. Hashimu ni muuza mafuta ya alizeti, mtu mwenye maneno mengi sokoni, asiyeshindwa na mteja. Siku hiyo alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Alisimama, akatazama meza, akatazama ukuta, akatazama kila kitu isipokuwa mkewe.

"Jamani wageni wangu," alisema. "Mimi na nyinyi tulikuwa wote hapa sebuleni. Kama kuna jambo limefanyika huko jikoni, mimi sihusiki nalo. Mambo ya jikoni ni ya wanawake."

Alidhani anaokoa posa ya mwanawe. Mtu akiogopa hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na Hashimu ni kujitoa yeye kwanza. Mwanahawa alimsikia vizuri. Alikusanya vikombe kimoja kimoja kwenye sinia, akapita pazia, na nyuma ya pazia akamkuta Asma, binti yake, amesimama na nguo zake za kuposwa, amesikia yote.

Mzee Hasani alilifunga tena furushi la posa walilokuja nalo. "Haijavunjika," alisema mlangoni. "Imesimama tu. Tutazungumza." Pilau lilibaki kwenye sufuria, halijafunuliwa.

* * *

Wageni walipokwisha kuondoka, Hashimu alimkuta mkewe uani anasugua vikombe kwa majivu. Weusi ulikuwa hautoki kirahisi.

"Mama Asma, niambie kweli. Sasa tuko wawili. Uliweka nini?"

"Nimeshasema. Magadi."

"Magadi tumekula tangu tunazaliwa. Mlenda tunapikia magadi. Lini uliona mlenda ukawa mweusi?"

"Sijui kwa nini imekuwa nyeusi."

"Hata wewe hujui?"

"Sijui, Baba Asma. Ningejua ningesema pale pale, nisiaibike."

Hashimu alichutama, akashusha sauti. "Kuna watu wanawadanganya kina mama. Wanakuuzia kitu, wanakwambia binti atakaa vizuri na mumewe, hataachwa. Sikulaumu. Mama anampenda mwanawe. Niambie tu nijue namna ya kuzungumza na wale watu."

Mwanahawa aliacha kusugua. Aliumia. Aliumia kuliko alivyoumia sebuleni, kwa sababu kule alikuwa anahukumiwa na wageni.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa wema."

"Basi nimekujibu kwa wema. Magadi."

Hashimu aliinuka, akaenda kusimama kando ya kisima chake. Kisima hicho kilikuwa fahari yake. Siku chache kabla ya posa, kwa sababu mvua ilikuwa kidogo na maji yalikuwa yanaelekea kuisha, alikuwa ameita mafundi wakakichimba zaidi, wakapita udongo, wakapita changarawe, wakafika kwenye mwamba wa kijivu wenye mistari ya rangi ya kutu. Maji yaliyotoka humo yalikuwa baridi na maangavu, unaona mpaka chini ya ndoo. Hata wakwe, kabla hawajaketi, alikuwa amewapitisha pale wakakiangalia. Ya kunywa na ya chai nyumba ilikuwa bado inachota bombani. Siku ya posa bomba likawa limekauka, na Mwanahawa akapikia ya kisima bila wasiwasi wowote.

* * *

Mkonze si mbali na mjini lakini maneno yake hayana haja ya gari. Kesho yake tu wanawake waliokuwa wanachota kisimani kwa Hashimu walianza kupita na ndoo zao bila kugeuka. Mmoja aliulizwa akasema mgongo unamuuma, kisima kina kamba ndefu. Akaenda kuchota mbali zaidi.

Aliyeendelea kuja ni Anjelina, jirani wa Kigogo, muuza mlenda mkavu na magadi, ambaye ndiye mwenye vile vikombe vyeupe.

"Magadi ni ya kwangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mtu akiyasema vibaya ananiharibia biashara. Nimeuza kwa masista, nimeuza kwa wachungaji, hakuna aliyepumbaa."

"Punguza sauti, Anjelina."

"Nipunguze ya nini? Ukinyamaza watadhani kweli." Kisha akatazama pipa la maji lililokuwa uani. "Lakini shoga, haya maji mbona hivi?"

Kwa kuwa watu hawakuchota, maji yaliyovutwa yalikuwa yanakaa. Na yakikaa, yale maji maangavu yaligeuka. Juu yalifanya utando unaong'aa, chini yakatua matope mekundu. Mwanahawa alikuwa ameyaona akayamwaga kimyakimya alfajiri, maana alijua yatakavyoitwa. Hakuwahi. Siku ya pili mtu alishasema kwamba maji ya kisimani kwa Hashimu yanatoka damu.

Hashimu sokoni hakuchekwa usoni. Wateja walimsalimu, wakamuuliza bei ya dumu, wakasema watapita baadaye. Mwenzake wa meza ya pili alimshauri kama ndugu: mkeo ale yamini, mambo yaishe. Akarudi nyumbani na ushauri huo, akausema wakati wa kula, akitazama sahani.

"Ni maneno machache tu. Unashika msahafu mbele ya shehe na mzee Hasani. Wakishasikia, wamesikia."

"Niape kwamba magadi ni magadi?"

"Uape kwamba hukuweka kitu kingine."

"Wewe ukisikia nimeapa ndiyo utaamini?"

Hashimu alichovya tonge, akalirudisha. "Mimi si tatizo. Tatizo ni wale."

"Siapi," alisema Mwanahawa. "Msahafu si wa kuamulia sufuria."

Siku iliyofuata alifungua sanduku lake kutafuta kanga ya kuvaa kwenye msiba wa mtaani, akakuta kanga zake zote zimekunjwa. Zilikuwa zimekunjwa kweli, lakini mara tatu badala ya mara nne, na pindo zimeingia ndani, jinsi wanaume wanavyokunja. Kile kichupa cha mafuta ya mama yake marehemu kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa vibaya, kimevuja. Hapakuwa na mwanamume mwingine ndani ya nyumba ile. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, akakaa sana. Kisha akazitoa kanga zote, akazikunja upya, moja baada ya nyingine, akafunga sanduku. Hakumwambia mumewe kwamba anajua. Hakumwambia Asma wala Anjelina. Msibani alikwenda amechelewa, akakaa nyuma.

* * *

Asma ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wa kuimba herufi. Siku zile aliimba kwa shida. Ibrahimu alikuwa anampigia simu kila jioni, sauti chini, kama mtu anayejificha chooni.

"Mimi sina neno, Asma. Wallahi sina neno. Ni shangazi."

"Shangazi umemwambia huna neno?"

"Unajua alivyonilea..."

"Siku ile ulikuwepo. Mama yangu alikunywa kikombe chako. Ulisema nini?"

Asma alimpenda, na ndiyo maana alikata simu. Angeendelea kusikiliza ule ukimya angeacha kumpenda.

Lililomfungua macho ni ushungi. Alikuwa na ushungi mweupe wa kazini, akaufua kwa maji ya kisima maana bomba lilikuwa bado kavu, akautia magadi kidogo ili povu litoke vizuri, kama walivyozoea nyumba nzima. Alipousuuza ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mabaka ya kutu kama umefungiwa misumari. Aliutazama juani akaugeuza huku na huku. Nguo haina mchumba. Hakuna mtu anayeitilia nguo limbwata. Akachota chupa ya maji ya kisima, akafunga magadi kwenye kipande cha nailoni, akaomba ruhusa shuleni na kwenda mjini, kwenye maabara wanakopima maji.

Kijana aliyempokea anaitwa Castory. Hakuwa na mengi ya kufanya asubuhi ile, akafurahi kupata mtu wa kumweleza. Alitia matone ya dawa kwenye chupa, rangi ikatoka, akapiga mluzi.

"Dada, hii ni iron. Madini chuma, tena ni nyingi. Mmechimba mpaka kwenye mwamba?"

"Baba alichimba karibuni."

"Basi. Huko chini hakuna hewa. Chuma kinakaa ndani ya maji kimeyeyuka, kimeshikana na carbonate, chumvi ya humo humo mwambani, huwezi kukiona, maji yanaonekana safi kabisa. Ukiyatoa juu yakapata hewa, kinajitenga, kinakuwa kutu. Ni kutu hii hii ya bati."

"Na chai?"

"Majani ya chai yakikutana na chuma yanatoa weusi. Zamani watu walikuwa wanatengenezea wino."

Asma aliweka kile kifuko cha nailoni mezani. "Na hii?"

Castory alionja kwa ncha ya ulimi. "Magadi. Haya nayo ni carbonate, ya aina nyingine. Yanaharakisha tu ile process. Hata bila magadi chai ingekuwa nyeusi, ila ingechelewa kidogo."

"Ingechelewa mpaka wageni waondoke?"

"Hilo siwezi kupima," alisema Castory, na Asma akacheka kwa mara ya kwanza tangu posa isimame. Alicheka mpaka akalia, na kijana wa watu akahangaika kumtafutia kiti.

Alimwambia maji hayaui, lakini wasiyanywe hivyo hivyo: wayamwage kutoka juu yapate hewa, wayaache yatulie, wayapitishe kwenye mchanga. Akataka kumwandikia majibu.

"Niandikie," alisema Asma. "Lakini kuna mtu aliona kwa macho yake. Karatasi haitamtosha."

* * *

Hashimu aliposikia aliinua mikono juu. "Alhamdulillahi! Nilijua tu!"

"Ulijua nini?" aliuliza Mwanahawa.

"Nilijua kuna sababu." Alikuwa ameshatoa simu, anamtafuta mzee Hasani. Alimweleza kwa furaha habari za mwamba, hewa na kutu, akichanganya mambo mawili matatu, akatembea uani kote akizungumza, akazunguka kisima. Hakuzungumza na mkewe. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Chuma kimeonekana, kila mtu arudi mahali pake. Usingizi alioupata siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyelipa deni lake lote.

Mwanahawa alitoa sharti moja tu. "Waje. Lakini safari hii mimi sipiki. Bi Joha aje na majani yake, na sufuria yake, na sukari yake. Apike yeye."

Mshenga alilipeleka neno hilo akitarajia ugomvi. Bi Joha alilisikiliza mpaka mwisho. "Haki yake," alisema.

Akaja na kapu. Ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo, pakiti ya majani haijafunguliwa, sukari, na vikombe vyake mwenyewe. Ibrahimu alivua koti akachota maji kisimani. Hakuagizwa na mtu. Anjelina alikuwa amekuja kuangalia magadi yake yanavyohukumiwa, akakaa kwenye kinu. Bi Joha alikunja mikono ya gauni, akachutama mahali pale pale Mwanahawa alipokuwa amechutama, akapuliza moto. Hakuna aliyemsaidia. Chai ikachemka, akachuja, akamimina vikombe viwili, akaviweka kwenye kigoda juani.

Ilikuwa ya kahawia. Mzee Hasani alianza kusema kwamba mbona, akanyamazishwa. Polepole ikafifia, ikaingia uzambarau, ikaendelea.

"Sijatia kitu," alisema Bi Joha, kana kwamba ndiye anayeshitakiwa.

"Hujatia," alisema Mwanahawa. Akafungua pindo la kanga mbele ya wote, akampa fundo. "Sasa tia kwenye hiki kimoja. Kidogo."

Bi Joha akachota kwa ncha za vidole. Kikombe kile hakikusubiri. Kilikuwa cheusi kabla hajamaliza kukoroga. Alikitazama, akaitazama mikono yake mwenyewe yenye hina, akakitazama tena.

"Laa ilaaha illallah," alisema. "Na mimi leo nimempumbaza nani?"

Anjelina aliangua kicheko juu ya kinu. Mzee Hasani akacheka, Ibrahimu akacheka, Hashimu akacheka kuliko wote, akapiga na makofi. Mwanahawa alichukua ufagio akafagia majivu.

* * *

Waliporudi sebuleni Bi Joha hakukaa kwenye kochi. Alishuka mkekani, akakaa mbele ya Mwanahawa, magoti yakiwa karibu kugusana.

"Mwenzangu, nimekukosea. Nimekuvunjia heshima ndani ya nyumba yako, mbele ya mume wako. Mdomo wangu ulitangulia. Naomba radhi, na nitakwenda kusema hivyo kila nilikosema lile lingine."

"Nimekusamehe, dada," alisema Mwanahawa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Tena wewe sikukuwekea kinyongo. Ulikuwa hunijui. Umeingia nyumba ya watu, umeona mwanamke anafungua kanga, chai imekuwa wino. Hata mimi ningemzuia mwanangu asinywe."

Mzee Hasani alishusha pumzi. Akalivuta furushi, akalifungua, akaipanga posa mezani kama inavyopangwa, akasafisha koo.

"Basi turudi kwenye shughuli yetu. Baba Asma, sisi tumekuja kuomba, na tunasubiri jibu la nyumba hii."

Hashimu aliweka sawa kofia yake. "Sisi kwa upande wetu—"

"Bado," alisema Mwanahawa.

Watu walidhani hawakusikia vizuri.

"Bi Joha alikuwa hanijui, na ameomba radhi. Anayenijua bado hajaomba."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Bi Joha ndiye aliyeelewa kwanza, akainamisha uso. Hashimu alicheka kicheko kifupi, akaona yuko peke yake, akakiacha.

"Mama Asma, hayo tutazungumza wenyewe, wageni wakishaondoka."

"Uliyasema hapa. Mbele ya hawa hawa."

"Lakini leo ni siku ya mtoto."

Hapo alimshika pabaya, na alijua. Mwanahawa aligeukia pazia. Alikuwa tayari kuipoteza heshima yake mara ya pili kwa ajili ya binti yule. Neno moja tu kutoka nyuma ya pazia, neno la "mama, yaache," naye angeyaacha, akayabeba mpaka kaburini. Pazia likafunguka. Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe, na Asma hakuwa ameitwa na mtu. Alipita mbele ya mposaji wake bila kumtazama, akakaa mkekani ubavuni kwa mama yake.

Hashimu aliwatazama wale wawili. Kisha akaanza kusema kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, haraka haraka, sauti chini, macho kwenye zulia. Yalikuwa maneno mazuri. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa amewahi kuyatamka maneno kama yale, na ungemwona jasho linavyomtoka ungemhurumia. Wageni wa Tabora walisikia sauti tu. Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Sasa sema kwa Kiswahili, wageni wasikie."

Hashimu alimtazama mshenga, mshenga akatazama dirishani. Alimtazama Ibrahimu, na Ibrahimu, ambaye naye alikuwa na ukimya wake wa siku ile, akaangalia viatu. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Akavua kofia, akaiweka kwenye goti, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa kifupi, kikavu, bila yale mapambo ya Kirangi.

"Siku ile niliogopa kukosa wakwe, nikamwacha mke wangu asimame peke yake. Halafu nikapekua sanduku lake."

Asma aligeuka ghafla kumtazama baba yake. Hashimu hakuinua macho.

"Nikapekua, nikijua kabisa sitakuta kitu. Nimekosa, Mama Asma. Nisamehe."

Mwanahawa hakusema kwamba amesamehe. Alikaa akimwangalia mumewe, kichwa wazi, mvi zimemtokea zaidi ya alivyokuwa anazijua. Mkono wa Asma ulikuwa umemshika kanga. Akaufunika kwa wake.

"Haya," alisema. "Vaa kofia yako, Baba Asma, uwajibu wageni."